Ndege wa Kasubi na Majina Yao

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili zoezi la insha ya maelezo: "Asubuhi mtaani kwetu". Wengi wao wanakaa Kasubi, Nakulabye, Kawaala na Namungoona, na karibu wote walitaja ndege. Tulipokuwa tukisahihisha tuligundua jambo lililotutia haya sisi walimu kuliko wao. Ndege mrefu anayevizia samaki matopeni aliitwa korongo. Ndege mkubwa mwenye upara anayesimama juu ya jalala aliitwa korongo. Ndege wa bendera ya taifa naye akawa korongo. Waliobaki wakaitwa "ndege fulani". Wanafunzi hao hao, ukiwauliza kwa Kiganda, wanakutajia ssekanyolya, kalooli na ŋŋaali bila kusita.

Basi Jumamosi ya mwisho ya Septemba tulikutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi karibu na lango la makaburi ya Wafalme wa Buganda pale Kasubi. Tulikuwa walimu watatu na wanafunzi kumi na saba, tukiwa na daftari na darubini mbili za kuazima. Tulitembea kutoka kilimani, tukapita Namungoona, hadi ukingo wa kinamasi cha Lubigi. Makala haya yametokana na matembezi hayo, ingawa si ripoti yake. Swali tulilokwenda nalo lilikuwa la historia: ni nani aliyeanza kutazama ndege katika vilima hivi, na aliwaitaje? Jibu la haraka, ambalo hata baadhi yetu tulikuwa nalo, ni kwamba kutazama ndege ni burudani ya Wazungu wenye kofia pana. Ushahidi ulioko Kasubi unasema vingine.

Kwanza neno moja juu ya majira, maana mwanafunzi mmoja alituuliza kama tulichagua Septemba kwa sababu ni "mwisho wa kiangazi". Alikuwa ameisoma hivyo katika kitabu kilichotafsiriwa. Ni kweli kwamba huko Ulaya wakati huo ndio mwisho wa majira ya joto, na ndege wengi huanza safari ya kusini. Lakini kiangazi kwa Kiswahili ni wakati wa jua na ukavu, na Septemba hapa Buganda ndiyo mvua za pili zinashika. Mtu wa pwani hugawa mwaka wake kwa pepo za kaskazi na kusi. Muganda ameugawa kwa shamba na wadudu: Novemba ni Museenene, mwezi wa senene. Ndege wahamiaji wanaingia katikati ya hesabu hiyo. Mbayuwayu wa Ulaya, keremkerem na kiguunjia wa manjano huanza kuonekana Kampala kuanzia Septemba na kuendelea, wakifuata wadudu wanaofumka na mvua, na wengi hukaa hadi Machi au Aprili. Jina kiguunjia linatufurahisha sana. Yeyote aliyefundisha nahau ya "kiguu na njia" anajua kwamba ni mtu asiyetulia nyumbani. Na huyu hapa ni ndege anayetoka Ulaya au Asia, anakuja kukimbia kati ya kwato za ng'ombe wa Kampala, kisha anarudi.

Tuanze sasa na maandishi ya kwanza. Mnamo Februari 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika katika ikulu ya Kabaka Muteesa I, wakati huo ikiwa Banda, upande wa mashariki wa Kampala ya leo. Kitabu chake cha safari kilichapishwa mwaka 1863, na ndani yake mna masimulizi ya ndege yanayostahili kusomwa na mwalimu yeyote wa historia. Kabaka, kijana aliyependa bunduki, alimpeleka mgeni kwenye mti ambapo ndege mkubwa wa aina ya kalooli alikuwa amelalia kiota, na tai mmoja ametua kwenye tawi kavu. Akamwamuru apige. Speke alisitasita akisema kwao si desturi kumpiga ndege aliyetulia kiotani. Kabaka hakukubali udhuru. Yule wa kiotani akaanguka, na tai aliporuka akapigwa naye angani. Speke anaeleza jinsi Kabaka alivyorukaruka na kupiga makofi juu ya kichwa chake kwa mshangao.

Wengi husoma kisa hiki kama habari ya bunduki. Sisi tunaona mambo mawili mengine. La kwanza ni kwamba aliyejua kiota kiko wapi ni Kabaka na watu wake. Mgeni aliongozwa mpaka chini ya mti. La pili linahusu idara yetu moja kwa moja: maneno yale yalipita katika Kiswahili. Speke aliongea Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani India utotoni na baadaye akarudi Zanzibar akiwa huru. Bombay aliyageuza maneno kwa Kiswahili, na mkalimani mwingine, Nasib, akayafikisha kwa Kiganda. Neno ambalo Speke anasema Kabaka alimwitia, na ambalo ameliandika "Bana", ni Bwana yetu hii hii. Kwa hiyo ndege wa kwanza wa Kampala kuingia vitabuni alipita kwenye ulimi wa Mswahili kabla ya kufika kwenye wino wa Mwingereza, na njiani humo akapoteza jina lake. Kalooli wa Kabaka akaandikwa kwa jina ambalo Waingereza walimpa ndege wa jamii hiyo huko India.

Muteesa mwenyewe hakuhitaji wakalimani kwa muda mrefu. Wafanyabiashara wa Zanzibar walikuwa wamefika Buganda tangu 1844, enzi za baba yake Suuna II, na Muteesa alijifunza kutoka kwao Kiswahili pamoja na kusoma na kuandika hati za Kiarabu. Mwaka 1882 alijenga ikulu yake juu ya kilima cha Nabulagala, ambacho ndicho Kasubi. Alifariki 1884 akazikwa humo humo, na ikulu ikawa kaburi. Baada yake walizikwa Mwanga II, aliyefia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903 na mabaki yake kurudishwa 1910. Daudi Chwa II, aliyefariki 1939. Na Edward Muteesa II, aliyefia London mwaka 1969 na kurudishwa 1971. Hapa tunaomba msomaji atuvumilie tuchepuke kidogo. Daudi Chwa ndiye aliyeandika mwaka 1929 kupinga mpango wa Gavana Gowers wa kukifanya Kiswahili lugha ya shule na utawala Uganda. Chini ya paa moja, basi, wamelala babu aliyejifunza Kiswahili kwa hiari na mjukuu aliyekikataa kwa hofu kwamba kitameza Kiganda. Hatukubaliani na Daudi Chwa, kama mnavyoweza kutarajia kutoka idara hii. Hata hivyo, tukiwa na zile insha mkononi, ambamo Kiswahili kilikuwa kimewafuta ndege watatu na kuacha korongo mmoja, hofu yake haikuonekana ya kipuuzi.

Paa lenyewe ni sehemu ya hadithi hii. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi, imeezekwa kwa nyasi, na anayejua Kiganda husikia ndani ya jina Kasubi neno essubi, yaani nyasi za kuezekea. Kazi ya kuezeka ni haki ya kurithi ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega. Ndani ya paa zimo pete 52 zinazowakilisha koo za Buganda. UNESCO iliiweka Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba iliteketea, na mahali pakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Baada ya miaka mingi ya ujenzi pakaondolewa humo mwaka 2023. Wageni huja kutazama paa na kuondoka. Wachache hutambua kwamba eneo lote lina hekta zaidi ya 26, na sehemu kubwa yake ni mashamba, migomba, miti ya dawa na mituba ambayo magome yake hutengenezwa olubugo. Katikati ya mtaa uliojaa mabati, hapo ndipo pamebaki miti mikubwa. Kwa dakika arobaini tulizokaa upande huo tulihesabu aina kumi na tisa za ndege, na tulikuwa hatujafika kinamasini.

Turudi kwenye zile pete. Koo za Buganda hutambulikana kwa omuziro, mnyama, ndege, samaki au mmea ambao mwenye ukoo hamli wala hamdhuru. Neno hilo ni ndugu wa neno la Kiswahili mzio, lililokuwa na maana ya kitu kilichokatazwa kuliwa, kabla hatujalipeleka hospitali kwa maana ya mwili kukataa chakula au vumbi. Miongoni mwa koo hizo kuna ukoo wa Ŋŋaali, ndege wa taji aliyeko kwenye bendera. Kuna Nnyonyi Nnyange, ukoo wa yangeyange. Kuna Nnamuŋŋoona, kunguru mwenye kifua cheupe. Hakuna jamii inayoweza kumkataza mtu kumdhuru ndege isiyoweza kumtambua. Mtoto wa ukoo wa Nnyange lazima afundishwe mapema ni yupi yangeyange na ni yupi ndege mwingine mweupe wa majini. Huo ni utazamaji wa ndege, nao ulikuwa na mwalimu, mwanafunzi, mtihani na adhabu muda mrefu kabla ya Speke. Mtaa wa Namungoona, tuliopita tukielekea Lubigi, unabeba jina la kunguru huyo mpaka leo, na asubuhi ile walikuwapo wanne juu ya nguzo ya umeme.

Kunguru hao walizua ubishi mfupi barabarani. Mwanafunzi mmoja alisema kunguru aliyemwona katika kitabu cha kiada ana shingo ya kijivu. Alikuwa sahihi: mchoraji alichora kunguru wa mji wa Zanzibar na Mombasa, ambaye asili yake ni Bara Hindi na aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19. Kunguru wa Namungoona ni mwenyeji wa Afrika. Neno ni moja, lakini picha iliyoko kichwani mwa mtu wa pwani siyo iliyoko kichwani mwa mtu wa Kampala, na kitabu kilikuwa kimefundisha picha ya pwani bila kusema.

Ndege pia waliingia siasa na magazeti. Katika miaka ya 1920 Waganda walikuwa na gazeti lililoitwa Sekanyolya, lililoanza kuchapishwa Nairobi. Ssekanyolya ni yule mrefu wa matopeni mwenye shingo ndefu. Anaona mbali, anatulia, kisha anadona. Kwa gazeti la kukosoa wakubwa, tunadhani hakuna jina bora zaidi. Na katika lugha ya mjini, kamunye, ambaye kwa Kiswahili ni mwewe, amekuwa basi dogo la abiria, kwa sababu anajipenyeza, ananyakua na kuondoka. Aliyebuni jina hilo alikuwa amemtazama mwewe sokoni kwa makini.

Hatuna nia ya kuwanyima Wazungu haki yao. Mwaka 1909 ilianzishwa Nairobi jumuiya ya elimu ya viumbe ya Afrika Mashariki na Uganda, na mmoja wa vinara wake alikuwa Frederick Jackson, aliyekuwa Gavana wa Uganda kuanzia 1911. Jackson alikusanya na kueleza ndege wa nchi hizi kwa miaka mingi. Alifariki 1929, na kitabu chake kikubwa juu ya ndege wa Kenya na Uganda kikatolewa 1938 katika majuzuu matatu baada ya kukamilishwa na W. L. Sclater. Ŋŋaali alikuwa tayari nembo ya utawala wa Waingereza Uganda, na uhuru ulipopatikana tarehe 9 Oktoba 1962 akawekwa katikati ya bendera, mguu mmoja ameuinua. Nembo ya wakoloni ikawa nembo ya taifa huru bila mtu kulalamika, na hatudhani ni kwa bahati. Ndege yule alikuwa na heshima yake hapa kabla bendera yoyote haijapandishwa.

Kutoka katika jumuiya hiyo kongwe ndiko yalikotokea matembezi ya ndege ya mijini tunayoyafahamu leo. Nairobi, tangu 1971, Fleur Ng'weno amekuwa mwongozaji wa matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia makumbusho, na vijana wengi wa Kenya ambao baadaye walikuwa wataalamu wa ndege walianzia hapo, wakiazimwa darubini. Kwa upande wa Uganda, tawi la jumuiya hiyo lilikua na kuwa NatureUganda katika miaka ya 1990, nayo huandaa matembezi na siku ya kuhesabu ndege nchi nzima. Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na Profesa Derek Pomeroy, aliyeanza kuwahesabu kalooli na ndege wengine wala mizoga wa Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hesabu hizo, zilizorudiwa pamoja na mwenzake, zimechapishwa zikifika mwaka 2009. Ni watu wachache wanaofahamu kwamba mji wetu una kumbukumbu ya aina hiyo, ya karibu miaka arobaini, kwa ndege ambaye kila mtu anamtukana.

Na anatukanwa kweli. Watu wa Kampala husema kalooli aliletwa na takataka, kwamba ni matokeo ya miaka mibaya ya utawala wa Amin, taka zilipoacha kuzolewa. Ni kweli kwamba idadi yao mjini iliongezeka katika miaka hiyo na iliyofuata, na viota vyao vikajaa kwenye miti ya barabarani. Lakini kisa cha Speke kinatukumbusha kwamba mwaka 1862 kalooli alikuwa tayari analalia mayai karibu na ikulu, hakuna dampo wala manispaa. Ikulu ilichinja ng'ombe wengi, na anayechinja ana wageni wake. Kwa maoni yetu ni sahihi zaidi kusema kwamba kalooli ni mkazi wa zamani wa makao makuu ya Buganda ambaye alinufaika na uzembe wetu wa baadaye. Wanafunzi wawili walipinga hoja hii kwa nguvu, nao wameahidi kuandika.

Tulifika Lubigi saa tatu kasoro. Barabara ya mzunguko wa kaskazini, iliyojengwa kati ya 2004 na 2009, imekikata kinamasi hiki, na pembeni yake kuna vifusi, magimbi, maduka ya mbao na mtambo wa kusafisha maji machafu uliozinduliwa 2014. Mwezi Juni 2024 mamlaka ya mazingira ilibomoa nyumba za watu waliokuwa wamejenga ndani ya kinamasi. Wengi walisema hawakuwa na pengine pa kwenda. Yapo maumivu pande zote za jambo hili na hatutajifanya waamuzi. Tunachoweza kusema ni kwamba maji ya vilima vya kaskazini-magharibi mwa Kampala, pamoja na ya Kasubi, hushukia hapa, mafunjo huyachuja, kisha huelekea mto Mayanja na hatimaye upande wa Ziwa Kyoga. Mafunjo yakiondoka, maji hayaondoki.

Kando ya mafunjo tulimkuta mzee akifunga matita. Mwanafunzi wetu alimsalimu kwa Kiganda, "Ssebo, wasuze otya," naye baada ya kuitikia akatuuliza kwa Kiswahili safi kama tunatafuta viwanja. Tulipomweleza kwamba tunatafuta ndege alicheka sana, kisha akaweka panga chini. Alikuwa amejifunza Kiswahili akifanya kazi Kisumu ujanani. Yeye ndiye aliyetuonyesha ndege wa mafunjo mwenye kifua chekundu, mgongo mweusi na utosi wa dhahabu, ambaye haishi mbali na mafunjo na ambaye watalii huja kumtafuta kutoka mbali. Alimsikia kwanza, sisi wenye darubini tulimwona mwisho. Tukamuuliza habari za ŋŋaali. "Tulipokuwa watoto walikuwa wanacheza hapa, wanaume wanawarukia wanawake," akasema. "Mimi ni wa ukoo wao. Mjukuu wangu anamjua kwenye shilingi na kwenye jezi ya mpira tu."

Hatukumwona ŋŋaali siku ile. Wapo bado sehemu nyingine za Uganda, lakini idadi yao imepungua kadiri vinamasi vinavyolimwa na kujengwa, na tangu 2012 ndege huyu yumo katika kundi la walio hatarini kutoweka duniani. Jina Kampala lenyewe latokana na kilima cha empala, ambaye kwa Kiswahili ni swala pala, na hakuna mtu anayetarajia kumwona swala pala pale Kampala ya Kale. Tulizungumza juu ya hilo na yule mzee kwa muda. Alituuliza kama ukoo unaweza kuwa na omuziro ambao hauonekani. Mmoja wetu alijibu kwamba koo za Simba na Chui zipo na zinaheshimika mjini. Mzee akasema simba hakuwa akicheza mlangoni kwake.

Tulirudi tukiwa na orodha ya aina arobaini na tatu, na hapo ndipo kazi yetu ya lugha ilipoanza. Tuligawa karatasi katika safu mbili, Kiganda na Kiswahili. Baadhi ya safu zilijaa kwa raha, kwa sababu lugha hizi ni ndugu: nnyange na yangeyange, nkwale na kwale, jjiba na njiwa. Wanafunzi walipenda kuona kwamba majina hayo hayakuazimwa kutoka kokote, yametoka katika nyumba moja ya Kibantu na kila lugha imeyavaa kivyake. Mahali pengine majina yalitofautiana lakini yote yalikuwa hai: kamunye na mwewe, ŋŋaaŋa na hondohondo, kiwuugulu na bundi. Kwa mpaabaana, yule wa rangi ya matope anayepita juu ya mabati alfajiri akipiga kelele, Kiswahili kina kwarara, lakini jina la Kiganda lina faida moja zaidi, kwamba ndani yake anayejua husikia ndege akisema "nipe watoto". Tipitipi, anayejulikana pia kama dudumizi, alikubalika mara moja kwa kuwa kila mtu alikuwa amemsikia kabla ya mvua.

Ugumu ulikuwa kwenye korongo. Kamusi zetu zilizaliwa pwani. Zina shakwe, mwari, heroe na mnandi kwa ukamilifu wa watu wanaoishi na bahari, na Sacleux katika kamusi yake ya 1939 alikusanya majina ya ndege wa pwani kwa bidii ambayo bado hatujaifikia. Bara zikafikiwa kwa haraka, na ndege wa miguu mirefu wakawekwa kapu moja. Wataalamu wa siku za karibuni wamependekeza majina ya maneno mawili, kama korongo taji kwa ndege wa bendera. Nusu ya darasa waliyapenda. Nusu nyingine walisema jina la namna hiyo limetungwa mezani, na kwamba kama Kiswahili kilichukua matoke na boda boda kutoka upande huu bila kuona haya, kinaweza kuchukua kaloli pia. Sisi walimu tuligawanyika vivyo hivyo. Aliyeandika sehemu kubwa ya makala haya yuko upande wa kaloli, kwa herufi o moja ili ngeli isituletee taabu: kaloli huyu, kaloli hawa. Kwa ŋŋaali tuna tatizo la herufi ya kwanza, ingawa Kiswahili kina ng' na kinaweza kuandika ng'ali bila kujiumiza.

Kuna ndege mmoja ambaye hatukumpatia jina upande wowote ulioturidhisha sote: mkubwa, wa kijivu, mdomo wa manjano, mkia mrefu, anayeruka kutoka muembe hadi muembe akicheka kama mtu aliyesikia umbea. Kila mkazi wa Kasubi anamjua. Wanafunzi watatu walitoa majina matatu ya Kiganda na kila mmoja akashikilia la bibi yake. Tumemwachia nafasi kwenye karatasi. Karatasi hiyo imebandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya idara, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi, na mpaka tunapeleka toleo hili kwa mpiga chapa kuna watu sita waliokwisha kuandika, mmoja wao akiwa mlinzi wa lango la usiku, ambaye aliongeza kwa mwandiko mzuri saa ambayo ndege huyo huanza kucheka.